Dirisha la Vioo Viwili Nyundo: Lanunuliwa kwa Kazi Gani?

Katika ujenzi wa nyumba, dirisha ni kitu kinachofikiriwa mwisho. Msingi umekwisha kuchimbwa, kuta zimesimama, mabati yamepigwa, na fedha zimebaki kidogo, hapo ndipo fundi hugeuka na kuuliza, "Afande, madirisha je?" Kwa miaka mingi nchini Rwanda jibu la swali hilo lilikuwa moja tu. Mchomeleaji wa karibu aliitwa, akapima, akarudi baada ya siku chache na fremu za chuma zenye kioo kimoja chembamba, na mambo yakaishia hapo. Siku hizi majibu yamekuwa mengi. Kuna madirisha ya alumini ya kusukuma kwenye reli, kuna ya mbao kwa wale wawezao kupata mbao zilizokauka vema, na kuna haya meupe ya plastiki ngumu, ya bawaba, yenye vioo viwili vilivyofungwa pamoja, ambayo muuzaji huyasifu kwa maneno matatu: hayapitishi baridi, hayapitishi kelele, hayali kutu.

Maneno hayo matatu si uongo. Lakini kila moja lina sharti lake, na sharti lenyewe muuzaji halitaji, kwa sababu halihusu dirisha. Lahusu nyumba, na mahali nyumba iliposimama. Kwa hiyo swali la dirisha halina budi kuulizwa mahali maalumu, na hapa laulizwa Nyundo.

Nyundo ni tarafa ya Wilaya ya Rubavu, kilima kilicho juu ya bonde la mto Sebeya, kilomita chache kabla ya barabara itokayo Kigali na Musanze kuteremka hadi mji wa Gisenyi na Ziwa Kivu. Wazee huijua kwa misheni iliyofunguliwa mwaka 1901 na kwa kiti cha askofu. Wengine huijua kwa shule ya sanaa iliyoanzishwa mwaka 1952. Mjenzi huijua kwa mambo mengine. Ufuko wa ziwa wenyewe uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilima kiko juu zaidi, hivyo usiku ni wa baridi ingawa ikweta haiko mbali. Mvua za Machi hadi Mei huja na upepo na kuupiga ukuta ubavuni. Barabara kuu hubeba malori yaendayo mpakani, kuelekea Goma. Ardhi nayo hutikisika: mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, mitetemeko iliyofuata kwa siku kadhaa ilipasua nyumba nyingi za Rubavu. Na usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Mei 2023, Sebeya ilifurika na kuingia majumbani. Katika mafuriko na maporomoko ya usiku ule watu zaidi ya 130 walikufa nchini, wengi wao katika wilaya za magharibi. Dirisha la Nyundo lazima lipimwe kwa mambo hayo yote, wala si kwa picha iliyo ukutani mwa duka.

Na ichukuliwe, kwa mfano, familia ya askari. Baba yuko Bangui katika kikosi cha kulinda amani. Mama yuko Nyundo na watoto wanne, na yeye ndiye msimamizi wa ujenzi. Mkopo umekwisha kutoka. Nyumba ina vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko na stoo, na matundu manane ya madirisha yanangoja. Jioni moja simu inalia.

"Mama watoto," asema baba, "nimeona madirisha ya vioo viwili katika jengo moja huku. Ukiyafunga, kimya kabisa. Tuyaweke nyumba nzima."

"Ni mazuri, Baba watoto," ajibu mama, "lakini fundi amenitajia bei yake. Nikiitoa fedha hiyo, dari haitapatikana."

Mazungumzo ya namna hii hufanyika katika nyumba nyingi za askari na polisi, na aghalabu huisha kwa mmoja kumridhia mwenzake, pasipo hata mmoja wao kujua barabara ni kitu gani kinachonunuliwa.

Kinachonunuliwa ni vitu vitatu vilivyounganishwa. Cha kwanza ni fremu. PVC ni jina la plastiki ileile itengenezwayo mabomba ya maji, na herufi ndogo ya u inayoandikwa mbele yake, uPVC, yaonyesha kwamba haikutiwa kilainishi. Ndiyo maana ni ngumu, haipindiki kama mpira wa kumwagilia bustani. Wajerumani walianza kuitengenezea fremu za madirisha katika miaka ya 1950. Kitu cha pili ni bawaba pamoja na komeo lake, ambavyo huufanya ubao wa dirisha ufunguke kama mlango badala ya kuteleza. Cha tatu ni kioo chenyewe: vipande viwili vilivyotenganishwa ukingoni na ukanda mwembamba, baina yao hewa kavu au gesi ya agoni, kisha ukingo wote ukazibwa pasibaki hata tundu la sindano. Ndani ya ukanda ule mna punje zinazonyonya unyevu uliosalia. Fikra hii ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Mmarekani Thomas Stetson aliiandikisha kuwa uvumbuzi wake mwaka 1865.

Basi, kuhusu baridi. Hewa iliyotulia haipitishi joto upesi, na hiyo ndiyo siri ya blanketi, ya manyoya ya kondoo, na ya vioo viwili. Kioo kimoja hupoteza joto takriban mara mbili ya vioo viwili vya kawaida vyenye eneo lilelile. Ulaya, ambako nyumba hupashwa moto kwa miezi mingi mfululizo, tofauti hiyo huonekana kila mwezi katika gharama ya gesi au umeme, na dirisha hujilipa lenyewe kadiri miaka ipitavyo. Nyundo hapana mtambo wa kupasha nyumba moto. Joto lililomo chumbani usiku ni lile la jua lililoingia ukutani mchana, la jiko lililozimwa, na la miili ya waliolala. Vioo viwili haviwezi kurudisha fedha katika nyumba isiyotumia fedha kwa joto. Vyaweza kurudisha starehe kidogo, nayo ni kwa sharti kwamba joto lisiwe na njia nyingine ya kutokea.

Na njia nyingine ipo, tena ni pana. Joto hupanda juu. Chumba cha mita tatu kwa tatu kina paa la mita tisa za mraba, na dirisha lake ni mita moja na nusu tu ya mraba. Ikiwa juu ya kichwa cha mtoto hakuna kitu ila bati tupu, joto lote la chumba humalizikia hapo kabla ya usiku wa manane, na alfajiri bati hilohilo hudondosha matone ya umande kitandani. Kuiwekea nyumba ya namna hiyo vioo viwili ni kumfunga mtoto skafu shingoni na kumwacha bila shati. Mama alikuwa na haki kuitaja dari. Dari ya mbao au ya jasi, au hata ya mikeka iliyofumwa vema, itaizuia baridi ya Nyundo kuliko kioo chochote kiuzwacho Kigali, nayo itapunguza pia kishindo cha mvua juu ya mabati, ambacho hakuna dirisha liwezalo kukizuia kwa kuwa hakipiti dirishani.

Kelele za barabarani ni jambo jingine, na hapa vioo viwili vyastahili sifa. Lori lenye shehena likipanda kilima kwa gia ndogo saa nane za usiku huwaamsha watoto, na humwamsha pia polisi aliyerudi zamu saa sita. Lakini sauti, kama maji, hutafuta ufa. Dirisha la kusukuma kwenye reli haliwezi kubana sawasawa, kwa sababu hapana budi liache nafasi ya kuteleza. Huzibwa kwa brashi tu ukingoni. Dirisha la bawaba huvutwa na komeo lake likaugandamiza mpira pande zote nne. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ukimya aliousifu baba yaletwa na bawaba na mpira kabla kioo cha pili hakijaanza kazi yake. Anayetaka ukimya zaidi amwombe muuzaji vioo vyenye unene tofauti, mathalan milimita sita upande wa nje na nne upande wa ndani. Vioo vyenye unene sawa hutetemeka pamoja kwa sauti ileile, na hivyo huipitisha. Vikitofautiana, kimoja humkatiza mwenzake.

Lililo kubwa zaidi, na ambalo wauzaji hawalitaji kabisa, ni ule upenyo unaopatikana dirisha likifunguliwa. Dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu ya tundu lake, kwani nusu moja hujificha nyuma ya nyingine. La bawaba hufunguka lote. Kwa hewa tofauti hiyo ni kubwa. Kwa uhai ni kubwa zaidi. Neno dirisha lilifika pwani kutoka Uajemi, na asili yake huko lamaanisha mlango mdogo. Kinyarwanda nacho kimelipokea kutoka Kiswahili na kuliita idirishya. Maana hiyo ya kale yafaa kukumbukwa na kila anayelala Nyundo. Maji ya Sebeya yaliwakuta watu usiku. Mlango ukizuiwa na maji au matope, au moto ukishika sebuleni, chumba cha kulala hubaki na njia moja, nayo ni mlango huo mdogo.

Kanuni za ujenzi za Uingereza zimeweka kipimo chake, na mtu yeyote aweza kukiazima bila kulipa. Dirisha la kutokea hatarini hutakiwa kufunguka eneo lisilopungua theluthi moja ya mita ya mraba. Upana na urefu wa upenyo usipungue milimita 450. Na ukingo wake wa chini usiwe juu zaidi ya milimita 1,100 kutoka sakafuni. Kipimo hicho kipimwe dirisha likiwa limefunguliwa, maana zipo bawaba za mkono unaoteleza ambazo huusogeza ubao katikati ya tundu, na upenyo uliobaki huwa mwembamba kuliko ulivyoonekana katika mchoro. Fundi aambiwe waziwazi kwamba zatakiwa bawaba zinazofungua ubao mpaka uache tundu wazi. Na aliyejenga ukingo wa dirisha juu kifuani kwa kuogopa wezi ajiulize mtoto wa miaka saba ataupandaje.

Hapo huja habari ya nondo. Nyumba nyingi zimewekewa nondo zilizochomelewa moja kwa moja, hazifunguki abadani. Sababu yaeleweka, hasa katika nyumba ambayo baba yuko mbali kwa mwaka mzima. Hata hivyo nondo hizo hazichagui: humzuia anayetaka kuingia, na humzuia vilevile anayetaka kutoka. Dawa yake ni rahisi wala si ya gharama kubwa. Katika kila chumba cha kulala nondo za dirisha moja ziwe na bawaba zao na kufuli, na ufunguo utundikwe msumarini ndani ya chumba, mbali na mkono wa mtu aliye nje, lakini mahali mtoto anapafikia gizani. Dirisha la bawaba lifungukalo nje huruhusu nondo kukaa ndani bila kugongana, na wavu wa mbu ukakaa pamoja nazo katika fremu nyepesi ya kutoa. Komeo nalo litazamwe: lililo jema lina ndimi kadhaa zinazoshika fremu juu, kati na chini kwa mzunguko mmoja wa mkono. Lenye ulimi mmoja wa katikati, mwizi hulipekua pembeni kwa bisibisi.

Yafaa kusemwa hapa kwamba nyumba iliyo katika ukingo wa Sebeya, au chini ya mteremko unaoporomoka, haiokolewi na dirisha. Hiyo ni nyumba ya kuhamwa, na fedha ya madirisha yake ni heri ianze kiwanja kingine.

Kuna hatari nyingine iingiayo pamoja na dirisha jipya, nayo haionekani. Nyumba ya zamani ilipumua bila kuombwa. Upepo ulipita chini ya mlango, pembeni mwa mbao, na katika nafasi iliyo kati ya ukuta na bati. Watu walinung'unikia baridi, na baridi ileile ikawalinda. Nyumba yenye dari, yenye mpira pande nne za dirisha na yenye mlango unaobana, imeziba matundu hayo yote. Kisha inakuja jioni ya mvua ya Aprili, na mtu mwema, kwa kuwaonea watoto huruma, anaingiza chumbani jiko la mkaa, imbabura, lenye makaa yaliyokwisha kuwa mekundu, moshi hakuna. Moshi hakuna, lakini monoksidi ya kaboni ipo, nayo haina rangi, haina harufu, haikoozi mtu. Huleta kichwa kuuma, na uchovu unaofanana na usingizi, na aliyekwisha kulala haamki. Kadiri dirisha lilivyo bora, ndivyo hewa hiyo inavyokaa. Mtu anayenunua dirisha la mpira na vioo viwili hana budi siku ileile kuamua kwamba jiko la mkaa halitaingia tena chumba cha kulala, liwe linawaka au linafifia, na amri hiyo aijue pia mtumishi, na bibi aliyekuja kuwatazama wajukuu.

Hata pasipo jiko chumba chataka hewa. Watu watatu wakilala katika chumba kilichofungwa, pumzi zao huacha unyevu mwingi ukutani, na baada ya mwezi kona za chumba huota kuvu jeusi. Kikohozi cha kifua kikuu nacho hupenda vyumba vya namna hiyo. Kwa hiyo yale matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha, ambayo baadhi ya mafundi huyaziba ili nyumba ionekane ya kisasa, yaachwe na kuwekewa wavu. Au fremu iagizwe yenye kipenyo chembamba cha hewa kilichotobolewa juu yake. Kelele kidogo itaingia, na iingie.

Tukio la kununua lenyewe lina hila zake. Plastiki haili kutu, ni kweli, lakini huliwa na jua, na jua la karibu na ikweta katika mwinuko huu ni kali kuliko la huko ilikobuniwa. Plastiki njema hutiwa unga mweupe wa oksidi ya titani unaoikinga. Ile hafifu hubadilika rangi ikawa ya manjano, kisha ikakauka na kupasuka pembeni kama ganda la yai. Mnunuzi asiridhike na kutazama fremu iliyokamilika. Aombe kipande kilichokatwa, akitazame kwa ndani: mna vyumba vidogo kadhaa kama vya sega la nyuki, na ukuta wa nje haupungui milimita mbili na nusu. Ndani ya chumba kikubwa kabisa hutakiwa chuma kilichopakwa zinki, maana plastiki peke yake haibebi dirisha kubwa. Muuzaji akisema chuma kimo, sumaku ndogo ya kuokota sindano itasema kama ni kweli. Rangi nyeupe ndiyo ifaayo. Ya kahawia na nyeusi hupendeza, ila hunywa jua, na plastiki iliyopata moto huvimba na kupinda.

Uzito pia watakiwa kuhesabiwa. Kila mita ya mraba ya kioo, kwa kila milimita moja ya unene, ina kilo mbili na nusu. Ubao wa dirisha wa sentimita 60 kwa 120 wenye kioo kimoja cha milimita nne hubeba kilo saba na kidogo za kioo. Ukiwa na vioo viwili, hubeba kilo kumi na nne na zaidi, mbali na fremu yake. Uzito huo wote huning'inia katika bawaba mbili kila siku, miaka ishirini. Bawaba nyembamba hulegea, ubao hushuka milimita chache, mpira hauguswi tena upande wa juu, na baridi, kelele na maji huingia hapo, vioo viwili vikitazama tu. Ubao wa bawaba usiwe mpana sana. Tundu pana ligawanywe katika mbao mbili, au katikati pawe na kioo kisichofunguka.

Jambo moja hawalijui hata baadhi ya mafundi wazuri, nalo ni la nchi za milima. Hewa iliyofungwa baina ya vioo viwili ni hewa ya mahali vilipofungiwa. Vikifungiwa pwani, Dar es Salaam au Dubai, kisha vikapandishwa hadi mita 1,500 au zaidi, ambako mgandamizo wa hewa umepungua kwa kama sehemu moja ya sita, hewa iliyo ndani husukuma kutoka ndani, vioo hubenuka kama tumbo, na ukingo huvutika usiku na mchana. Siku ukingo unapoachia, unyevu huingia, na ukungu mweupe hutanda kati ya vioo mahali ambapo hakuna kitambaa kiwezacho kufika. Hapo hapana tengenezo ila kununua kioo kingine. Kilichofungiwa Kigali, ambako mwinuko ni karibu sawa na wa ziwani, hakina taabu hiyo kubwa. Swali la kumwuliza muuzaji ni fupi: vioo hivi vilifungiwa wapi?

Hayo yakiisha, bado kuna kupima na kuweka. Kioo kimoja fundi akikikosea hukikata tena. Vioo viwili vilivyozibwa havikatwi. Kwa hiyo tundu hupimwa baada ya plasta, upana mahali patatu na urefu mahali patatu, na kipimo kidogo kabisa ndicho kishikwacho. Fremu isikwamishwe tundunni kwa nguvu. Plastiki hutanuka: mhimili wa mita moja na nusu huongezeka milimita tatu hivi kati ya alfajiri ya baridi na mchana wa jua kali, na usipopata nafasi hupinda. Nafasi ya milimita tano hadi kumi huachwa pande zote, fremu hushikwa kwa skrubu ndefu za ukutani, kisha nafasi hujazwa povu na kuzibwa kwa silikoni nje. Nafasi hiyohiyo husaidia ardhi inapotikisika, kwa kuwa ukuta husogea kidogo bila kukibana kioo. Mafundi waliozoea chuma hupenda kuijaza saruji ngumu, na wasimamiwe wasifanye hivyo. Ufa wa tetemeko aghalabu huanzia pembe ya dirisha au ya mlango. Tundu lisikaribie kona ya nyumba kwa chini ya sentimita 60, na linta ipite juu yake kikamilifu, iwe ukuta ni wa matofali ya kuchoma, wa rukarakara, au wa mawe meusi ya volkeno.

Katika sehemu ya chini ya fremu huwa mna vitundu vidogo vya kutolea maji ya mvua. Kila mwaka kuna nyumba ambayo fundi wake ameviziba kwa silikoni akidhani ni kasoro ya kiwanda, na mwenye nyumba hushangaa maji kuingia sebuleni. Ukingo wa saruji ulio nje uinamie nje, si ndani. Vinginevyo upepo wa Aprili utafanya kazi yake.

Mama wa Nyundo alipoyapata hayo yote, alimpigia mumewe simu siku ya Jumapili.

"Baba watoto, nimehesabu. Dari kwanza, nyumba nzima. Chumba kinachotazama barabara kina madirisha mawili. Hayo tuyape vioo viwili, sita kwa nne. Vyumba vingine na sebule tuweke fremu hizohizo za bawaba na kioo kimoja. Nimemuuliza muuzaji, amesema utepe unaoshika kioo ukibadilishwa, fremu itapokea vioo viwili baadaye ukirudi. Jikoni na stoo, chuma."

"Na nondo?"

"Za kufungua. Moja kila chumba."

Baba alinyamaza kidogo, kama afanyavyo mtu aliyezoea kutoa amri. "Nondo za kufungua zitamfurahisha mwizi, Mama watoto."

"Kufuli nimenunua kubwa. Sitaki nondo ambazo wewe uko huko na mimi siwezi kuwatoa watoto hapa."

Hakuna la ziada lililosemwa. Madirisha yaliletwa wiki nne baadaye. Mama aliyapokea kwa kipande cha karatasi: alikiweka ukingoni, akafunga, akakivuta, akaenda hivyo pande zote za kila ubao, palipoteleza alimwonyesha fundi, na fundi akaikaza bawaba mpaka karatasi ikagoma. Kisha alimwagia kila dirisha ndoo ya maji kutoka nje, watoto wakiwa ndani na tochi kutazama. Mawili yalivuja pembeni, yakazibwa upya kabla fundi hajalipwa salio lake.

Usiku wa kwanza katika nyumba ile, taa zilipozimwa, alimwita mtoto wa pili, wa miaka minane, akamwambia atafute ufunguo msumarini, afungue kufuli, avute nondo na asukume dirisha, bila taa. Mara ya kwanza mtoto aliangusha ufunguo chini ya kitanda. Mama aliushusha msumari kwa upana wa kiganja, akamfungia ufunguo kamba ya katani, nao wakaanza tena.